Vijiti 110 mezani: mwaka wangu katika klabu ya vitabu

Mimi nilikuwa msomaji wa kurasa 40. Kitabu nikikipata nakivamia kwa pupa siku mbili, kisha nakilaza kifudifudi kando ya kitanda, na hapo ndipo kinapoota vumbi. Klabu ya vitabu sikujiunga kwa kiu ya maarifa, nisijisingizie. Nilijiunga kwa sababu aibu ya kukutwa hujasoma mbele ya waliosoma ni kiboko kisichohitaji mtu wa kukishika. Kimefanya kazi. Mwaka huu nimemaliza vitabu vitano, na cha sita bado ninacho, kwa sababu nitakazozitaja mbele.

Mpango wetu ulikuwa miezi miwili kwa kila kitabu, vyote vya mambo ya kale: riwaya tano na kitabu kimoja cha historia. Hicho kimoja kilipendekezwa na mwenzetu ambaye hasomi riwaya ila kwa kulazimishwa. Alituambia kitakuwa cha kupimia vingine. Riwaya, alisema, ni uongo mtamu; historia ndiyo mizani. Tulikubali, tukaanza na mizani yake.

Kitabu chenyewe ni *King Leopold's Ghost* cha Adam Hochschild, kilichotoka 1998. Kinasimulia jinsi Kongo ilivyokuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kuanzia 1885 hadi 1908. Haikuwa koloni la nchi yake, ilikuwa mali yake binafsi, na mwenyewe hakuwahi kuikanyaga. Nilitarajia kusinzia. Badala yake nilikutana na E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool aliyekuwa akitumwa Antwerp, bandari ya Ubelgiji, kushughulikia mizigo na hesabu. Karani huyu anaona meli zinaingia kutoka Kongo zimesheheni mpira na pembe za ndovu. Zikirudi zinapakia maofisa, bunduki na risasi. Bidhaa za kufanyia biashara na wenyeji karibu hakuna. Hajaona mtu hata mmoja akichapwa, ana daftari tu mkononi, lakini anajumlisha: kama huku hakuna kinacholipwa, basi kule mpira unatolewa kwa mtutu. Kurasa zile nilizisoma nimesimama kwenye foleni, na zamu yangu ikapita sina habari.

Hapa niweke lalamiko dogo. Nakala ya kielektroniki niliyonunua haikuwa na picha. Sikujua kama zimo mpaka siku ya mkutano, mwenzangu alipofungua kitabu chake cha karatasi kwenye picha ya Nsala, baba aliyeketi kibarazani akitazama mkono na mguu uliokatwa wa binti yake. Mjadala wote niliokuwa nimeuandaa ulinipotea. Ukikitaka kitabu hiki, hakikisha kwanza picha zimo. Ni nusu ya ushahidi.

Lakini kilichonishika hadi leo si picha. Ni vijiti. Kelele za dunia zilipozidi, mfalme alilazimika kuunda tume ya uchunguzi mwaka 1904, na mbele ya tume hiyo akasimama chifu mmoja, Lontulu. Aliweka mezani vijiti 110, kijiti kimoja kwa kila mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Akavigawa mafungu manne: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto. Kisha akavipitia kimoja kimoja, akitaja majina.

Makamishna waliandika. Ripoti ikachapishwa, ila ushahidi wenyewe wa Waafrika haukuchapishwa. Ulifungiwa kwenye nyaraka hadi miaka ya 1980. Leopold naye, alipokuwa akikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908, aliamuru nyaraka zake zichomwe, na tanuri ziliwaka siku nane. Hochschild mwenyewe anakiri mwanzoni kabisa kwamba sauti zilizomjazia kitabu ni za Wazungu, wabaya kwa wema, na kwamba ukimya wa Wakongo ndilo pengo lake kubwa. Kukiri huko nilikuheshimu. Hata hivyo kuna sura ambazo Morel na wenzake wanachukua nafasi yote ya jukwaa, na mambo ya nyumbani kwa mfalme, mabinti zake na kimada wake, yalinichosha. Idadi ya watu milioni 10 anayoitaja nayo ichukuliwe kama makadirio, maana wanahistoria bado wanaibishania.

Nikamuuliza mwenye mizani: majina 110 yako wapi? Katika ukurasa ule hayamo. Yamo matendo ya kuyataja tu. Akanijibu kwamba historia haiwezi kuandika kila jina. Sawa.

Tulipohamia *Things Fall Apart* cha Chinua Achebe, cha 1958, nilikuwa na dharau kidogo kwa sababu nilishakisoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Wengine walikisoma kwa Kiswahili, *Shujaa Okonkwo*. (Kama hujakisoma, ruka aya hii na inayofuata, nitaharibu.) Shuleni tulifundishwa kuorodhesha wahusika na sifa zao, Okonkwo mkali, Unoka mvivu, tukapewa alama. Hakuna aliyetusimamisha kwenye aya ya mwisho, pale mkuu wa wilaya, Mwingereza, anapoondoka kwenye mti alikojinyonga Okonkwo huku akiwazia kitabu anachotaka kukiandika. Mtu huyu, anafikiri, anaweza kutosha sura nzima. Hapana, pengine si sura, ila aya ya kuridhisha.

Nilisoma mstari huo nikaviona vijiti. Tulikuwa tumetoka kukaa miezi miwili na kitabu kizima juu ya mtu huyo huyo: ndoto zake, hofu yake ya kufanana na baba yake, panga lake kwa Ikemefuna, mvulana aliyekuwa akimwita baba. Na pale pale tunaambiwa kwamba kwenye rafu ya mkuu wa wilaya yote hayo ni aya moja. Mwenye mizani alikaa kimya kitambo, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwake: aya ya mkuu wa wilaya isingekuwa na uongo hata kidogo. Mtu alimuua tarishi wa serikali, akajinyonga. Kila neno kweli.

*Peponi* ndicho nitakachomwazima mtu kwanza. Abdulrazak Gurnah alikiandika kwa Kiingereza, *Paradise*, kikatoka 1994, na baada ya yeye kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 tukapata tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anapanda treni na tajiri Aziz ambaye amezoea kumwita mjomba. Anadhani anatembezwa. Dukani anakofikia kuna kijana mwingine, Khalil, naye ndiye anayemfumbua macho: huyu si mjomba wako, baba yako ana deni lake, na wewe ndiye rehani.

Niliisoma tafsiri huku kile cha Kiingereza kiko pembeni, na neno hilo ndilo lililonithibitishia ni kipi kati ya viwili kiko nyumbani kwake. Kwa Kiingereza ni jambo la kuelezwa. Kwa Kiswahili rehani inaingia mwilini moja kwa moja, kwa sababu nyuma yake linasubiri neno jingine, kukomboa, na msomaji anafungua kila ukurasa akitazamia mtoto atakombolewa lini. Mazungumzo ya dukani, matani ya Khalil, masimango ya wasafiri njiani kwenda bara, yote yanasomeka kana kwamba kile cha Kiingereza ndicho kilichokuwa tafsiri.

Halafu kuna raha ya mambo ambayo mwandishi hayasemi kwa kuwa anajua unayajua. Mke wa tajiri alipotajwa kuwa anaitwa Zulekha, dada aliyekuwa akitusomea kwa sauti alinyamaza, akatutazama juu ya miwani. Kwa kisa cha Nabii Yusuf na mke wa bwana wake, sote tulishajua kuna shati litakalochanika, na litachanika upande gani.

Misafara ya biashara tuliyoiona kwa Hochschild kwa mbali, mfanyabiashara Tippu Tip akipita kama mtu wa kando katika safari za mpelelezi Stanley, hapa unaiona kutoka chini, kwa macho ya mtoto anayebeba mzigo asioujua bei. Wajerumani wananusa tu pembezoni, kama mvua ambayo bado haijafika. Mwisho wake uliigawa klabu. Sitasema Yusuf anakimbilia wapi katika mistari ya mwisho. Nitasema tu kwamba nilimkasirikia siku tatu, ya nne nikaanza kumwelewa. Mtu aliyewekwa rehani tangu utotoni, mlango wa kutokea anaujuaje?

*Wolf Hall* cha Hilary Mantel, kilichoshinda tuzo ya Booker mwaka 2009, kilinitoa jasho. Mwanzo wake ni hodari: kijana yuko chini, amepigwa na baba yake, na jicho lake linagota kwenye uzi uliofumuka wa kiatu kinachomkanyaga. Baada ya hapo wanaingia akina Thomas. Thomas Cromwell (ndiye yule kijana, baadaye mshauri wa mfalme), Thomas More, Thomas Wolsey, Thomas Cranmer, Thomas Howard, Thomas Boleyn. Wote wa kweli, wote wa enzi ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza, na mwandishi hana la kufanya ila kuweka orodha ya wahusika mwanzoni. Isitoshe, ana mtindo wa kusema "yeye" akimaanisha Cromwell hata wakiwemo wanaume wanne chumbani. Nilimwaza mtu atakayekitafsiri kwa Kiswahili, ambako "yeye" anaweza kujificha ndani ya a- moja tu. Maskini.

Ila kinaroga. Cromwell alikatwa kichwa Julai 1540, hilo halina ubishi, na kwa miaka mingi amesimuliwa kama fundi wa hila. Mantel anakaa begani mwake mpaka unampenda. Nilijikuta namtetea mkutanoni mtu aliyesaidia kuwafikisha wenzake kwenye shoka, na mwenye mizani akanitazama akitabasamu. Uongo mtamu. Siku hiyo sikuwa na jibu.

Kuhusu *All Quiet on the Western Front* cha Erich Maria Remarque, cha 1929, sina mengi. Ni kifupi, kinasomeka kwa siku mbili, na ni riwaya ya vita ambayo ndani yake jozi moja ya buti inaeleza kuliko hotuba. Askari Kemmerich amekatwa mguu na anakufa. Mwenzake Müller anazitaka buti zake, si kwa ukatili, ila kwa kuwa buti nzuri hazipatikani. Müller anakufa, zinamwendea Paul, msimulizi. Nilizihesabia hatua mpaka mwisho.

Cha sita ni *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, na hiki nimekishindwa kwa namna nzuri. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Alikigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 ya kusubiri, na hakuna vita ndani, hakuna mkoloni, hakuna shujaa. Kuna mume na mke wasio na mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao, mume anakwenda kumwomba, na kwenda huko kuomba ni safari yenye maamkizi, vikao na masharti ambayo mwandishi hayapunguzi hata moja.

Nusu ya klabu waliacha. Walisema hakuna kinachotokea, na nikiwa mkweli, kuna jioni nilisoma kurasa kumi watu wakiwa bado wanaamkiana. Nilianza kukipenda nilipoacha kusubiri tukio. Kitereza anaandika kama mtu anayejua kwamba asipoandika jinsi mlango unavyobishwa, jinsi mgonjwa anavyojuliwa hali, jinsi mke anavyorudishwa kwake, atakuja mwingine kuyapa aya moja. Kwa hiyo kila kitu anakiweka, kwa mpangilio wake, kwa jina lake.

Mwenye mizani ndiye pekee aliyekimaliza. Aliniambia aliacha kuhesabu kurasa alipofika katikati, na alipoulizwa kama ni riwaya au historia alisema tumwache. Mimi niko ukurasa wa mia tatu na kitu, nasoma maamkizi mawili matatu kabla ya kulala, na kitabu nakifunga kwa alama. Sikilazi tena kifudifudi.