Michezo ya mezani ya vita vya roboti na anga: uanze kununua upi?

Ugumu wa sheria hauui michezo hii. Huuawa pale mmoja anaponunua boksi lake, halafu wenzake watatu wanaambiwa nao wakanunue vikosi vyao ndipo waje mezani. Hawanunui. Kwa hiyo tumeipanga kwa kipimo kimoja: boksi likifunguliwa leo, ni watu wangapi watacheza jioni hiihii bila kutoa hela nyingine?

1. BattleTech: A Game of Armored Combat

Boksi hili la Catalyst Game Labs, lililotoka 2019, lina sanamu 8 za roboti wa vita zilizokwisha kuunganishwa, ramani zilizogawanywa kwa vyumba vya pembesita, dadu na karatasi ya kila roboti. Mkiwa wanne, kila mmoja ana roboti wawili. Kupaka rangi si lazima. Tena karatasi zake zimejaa namba kuliko maneno, na hilo ni kubwa kwenye meza ambayo Kiingereza si chepesi kwa kila mtu: akiwepo mmoja aliyekisoma kitabu, mchezo unakwenda.

Kupiga ni dadu mbili, na lazima zifikie namba unayoihesabu hivi. Anza na 4, ustadi wa rubani. Ongeza 1 kama umetembea, 2 kama umekimbia, 3 kama umeruka. Ongeza mwendo wa adui (akipita pembesita 5 au 6 ni 2), halafu umbali (wa kati 2, wa mbali 4). Umetembea, adui kapita 5, yuko umbali wa kati: unahitaji 9 au zaidi, na dadu mbili hukupa hiyo mara 10 tu kati ya 36. Ndiyo maana anayesimama sehemu moja huliwa mapema.

Wageni huumbuliwa na joto. Mtazame roboti aitwaye Awesome, wa tani 80: mizinga mitatu, kila mmoja unatoa joto 10, na vipoozeo 28, kila kimoja kinaondoa joto 1. Akitembea na kufyatua yote anafika 31, anabakiwa na 3. Akirudia zamu ya pili yuko 6, na kuanzia 5 anapoteza hatua moja ya mwendo, wakati anapotembea ana hatua 3 tu! Dawa yake ni kufyatua mitatu zamu hii, miwili zamu ijayo. Joto linarudi sifuri.

Siku ya kwanza msiweke wote 8, mtakesha. Roboti mmoja kwa kila mtu anatosha. Karatasi zitolee fotokopi kabla hamjazichora. Na angalia jina la boksi: Beginner Box lina sanamu 2 tu, ni la watu wawili.

2. Stargrave

Hiki ni kitabu cha sheria cha Osprey Games cha 2021, na ndicho rahisi kusafirisha kwa sababu hakina boksi. Kila mchezaji huunda kundi la watu 10: nahodha, msaidizi wake na askari 8. Sanamu ni zozote, hata askari wa plastiki wa sokoni. Kinachohitajika ni dadu ya pande 20 kwa kila mmoja, makopo na maboksi ya kuwa majengo, na futi ya fundi cherehani, maana vipimo vyote ni kwa inchi. Kasoro yake ni hiyo dadu moja: askari wa bei ndogo anaweza kumwangusha nahodha wako zamu ya kwanza. Asiyestahimili hilo asinunue.

3. Star Wars: Imperial Assault

Lina sanamu 34, na watu hadi watano: mmoja anashika Dola (upande wa maadui), wanne mashujaa. Programu ya simu inaweza kushika nafasi ya Dola. Tumelishusha kwa sababu kadi zake zina Kiingereza kingi, na kampeni, yaani michezo inayofuatana kama hadithi moja, inataka watu walewale kila mara. Vipande vya sakafu vipange kwa namba kwenye bahasha, la sivyo nusu saa inaishia kutafuta. Silaha iliyopinda ichovye kwenye maji ya moto, inyooshe, kisha itie kwenye maji baridi.

4. Warhammer 40,000: Kill Team

Sanamu zake ni nzuri kuliko zote hapa, lakini huja vipande vipande. Utahitaji koleo dogo la kukatia, tupa laini na gundi ya plastiki, ile inayoyeyusha pande mbili zikashikana. Kwenye sanamu za resini haifanyi kazi. Matoleo yamebadilika 2018, 2021 na 2024, kwa hiyo kitabu cha mtumba mara nyingi kimepitwa.

5. Star Wars: X-Wing

Ndege zake huja zimepakwa rangi, na hilo linavutia. Ila uendelezaji wake ulisitishwa 2024, umebaki wa mtumba. Kadi za toleo la 2012 haziendi na za 2018. Muuzaji akupigie picha ya ndani ya boksi: kila ndege na kisahani chake cha mwendo (unapochagulia itakavyokwenda), vijiti vya kusimamia, na rula zote za kona. Kisahani kimoja kikikosekana, ndege hiyo hairuki.