Dakika tatu za baba: uzoefu wangu wa kozi ya uandishi na simulizi za kidijitali

Kozi hii niliichukua kwa kulazimika. Chuo changu cha miaka miwili hapa Minnesota hakimpitishi mwanafunzi wa uuguzi bila somo la uandishi wa Kiingereza, na katika madarasa yaliyobaki na nafasi, moja tu halikugongana na zamu zangu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Maelezo yake yalitaja simulizi za kidijitali. Nikadhani tutafundishwa kutengeneza slaidi. Baada ya wiki 16 nina video isiyofika dakika tatu inayomhusu marehemu baba yangu, na katika maisha yangu sijaandika kitu kilichonisumbua kama yale maneno yake 300.

Kwa asiyejua, simulizi ya aina hii si filamu wala taarifa ya habari. Ni sauti yako ukisoma andiko fupi ulilolitunga mwenyewe, huku picha chache za mnato zikipita. Utaratibu wake ulianzia San Francisco mwaka 1994, Joe Lambert, msanii Dana Atchley na wenzao walipofungua kituo cha kuwafundisha watu wa kawaida kusimulia maisha yao kwa kompyuta. Baadaye kituo kikahamia Berkeley. Kutoka kwao yametufikia mambo saba ambayo mwalimu aliyabandika ukutani: mtazamo wa msimulizi, swali linalomshika msikilizaji, hisia, sauti ya mwenyewe, muziki, ufupi na mwendo. Hilo la ufupi lilinila nusu ya muhula.

Baba alikuwa mtu wa reli, Tabora. Aliyesafiri Reli ya Kati anajua kwamba pale ndipo njia zinapoachana, mabehewa ya Kigoma huku, ya Mwanza kule. Kazi yake ilikuwa kuvuta mtaimbo unaogeuza njia, na kumwonyesha dereva taa. Rasimu yangu ya kwanza ilijaa kurasa tano. Niliweka Wajerumani walioifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nikaweka miembe, asali, hadi sare za baba na jinsi mama alivyozipiga pasi ya mkaa. Nilijivunia.

Wiki ya nne tulikaa kwenye duara. Kila mtu anasoma, wenzake wanasikiliza bila kumkatiza, kisha wanauliza maswali tu; hairuhusiwi kumsahihisha mtu. Mama mmoja wa Kihmong, jamii yenye asili ya Asia, rika la mama yangu, aliniuliza, "Na wewe ulikuwa umesimama wapi?" Nilikosa jibu. Nilikuwa nimejaza kurasa tano na mimi mwenyewe simo.

Jibu lilikuja usiku, kazini, nikimgeuza mzee mmoja kitandani. Nilikuwa ndani ya behewa. Siku ninaondoka kwenda Dar es Salaam kupanda ndege, baba alikuwa zamu, hakuweza kuja dirishani kuniaga. Treni ilipompita niliiona taa yake ya kijani ikipanda juu, na dereva alikuwa ameshapita zamani, lakini taa haikushuka mpaka tulipokata kona. Sikumwona tena. Nilipoliandika hilo, Wajerumani na miembe waliondoka wenyewe.

Kwa duara lile peke yake, kozi hii ina thamani ya ada niliyolipa. Nimesoma shule ambazo insha ilirudi imejaa wino mwekundu, na sikuwahi kuulizwa swali lililonifanya nitake kuandika upya.

Jambo jingine lililonigusa ni lugha. Niliposoma andiko kwa Kiingereza, sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya benki. Mwalimu alisikiliza, akaniuliza baba alizungumza nami lugha gani, kisha akaniruhusu nirekodi kwa Kiswahili na kuweka manukuu ya Kiingereza chini ya picha. Hapo ndipo nilipojifunza Kiingereza hasa. Manukuu yalipewa mistari miwili, herufi 42 kila mstari, na neno langu moja, "hakuniaga", linadai maneno saba ya Kiingereza. Nilikaa na sentensi moja saa nzima nikitafuta cha kuacha.

Nilirekodi ndani ya kabati la nguo, maana nguo hunyonya mwangwi, nikasafisha sauti kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo ni ya bure: unaionyesha sekunde chache za ukimya wa chumba, inajifunza mvumo wake, kisha inauondoa kote. Honi ya treni niliitoa Freesound, tovuti ya sauti zilizorekodiwa na watu, ikiwa na leseni ya Creative Commons inayoruhusu wengine kuitumia kwa masharti, nikamtaja aliyeirekodi mwishoni mwa video kama leseni ilivyotaka.

Sasa malalamiko. Programu ya kuhariri video ilihitaji malipo ya kila mwezi, na wakati wa kujiandikisha hilo halikusemwa. Anayeishi kwa zamu anastahili kuambiwa mapema. Pia mafunzo ya kuhariri yalisukumwa yote kwenye wiki tano za mwisho, pamoja na insha ya tafakuri ya kurasa nne, hivyo wenzetu wawili waliokuwa na hadithi nzito waliwasilisha video ambazo hazikukamilika. Iliniuma kuziangalia.

Ndugu mnaouliza kama mchukue: chukueni, lakini muhula ambao hamna somo jingine zito, na tafuteni picha nyumbani kabla ya kuanza. Mimi nilikuwa na picha ya baba moja tu.

Video nilimtumia mama kwa WhatsApp. Hakujibu siku mbili. Kisha akapiga simu, akanishukuru, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, ile treni ni ya wapi? Ya kwetu hailii vile." Darasa zima halikuisikia tofauti, na maksi zilikuwa zimeshatoka. Usiku wa juzi mdogo wangu alikwenda stesheni na simu yake, akasubiri treni hadi ikafika. Sauti aliyonitumia ina mtu anayeuza karanga kwa mbali, halafu honi. Nimeiweka jana.