Kamera ya Kusafiri Nayo: Ipi Ianze, Ipi Isubiri

Msafiri anayetaka picha za wanyama, majengo ya kale na watu wakiwa katika shughuli zao anaitwika kamera moja kazi tatu zinazovutana. Mnyama yuko mbali, hatulii, na mara nyingi hujitokeza alfajiri au magharibi mwanga ukiwa haba. Jengo nalo liko karibu mno, na nyuma yako kuna ukuta. Mtaani, jambo zuri hudumu sekunde mbili, na lenzi kubwa ikielekezwa kwa watu huacha walichokuwa wakifanya na kujipanga kwa picha.

Hakuna kamera inayoyamaliza yote matatu. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja: ipi itakurudisha nyumbani na picha nyingi nzuri za kila aina, baada ya kuibeba begani kutwa, siku baada ya siku.

Kwanza fanya hesabu hii, maana itakuokoa na maneno mengi ya matangazo. Chukua 36, ambao ni upana kwa milimita wa kihisi (bamba linalopokea mwanga ndani ya kamera) cha fremu kamili, yaani chenye ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35, ugawe kwa milimita za lenzi, kisha uzidishe kwa umbali. Utapata upana wa eneo litakaloingia kwenye picha. Simba akiwa mita 50, lenzi ya milimita 600 huchukua upana wa mita 3, naye anaijaza picha vizuri. Lenzi ya 300 huchukua mita 6, bado anaonekana. Lenzi ya 120, ambayo iko karibu na mvuto wa simu nyingi za gharama, huchukua mita 15, na hapo unapiga picha ya nyasi zenye simba ndani yake. Kwa jengo geuza hesabu: lenzi ya 24 inahitaji usimame mita 30 ili ukuta wa mita 45 uingie wote. Ya 16 inakuruhusu usogee hadi mita 20. Milimita zote nitakazozitaja ni hizo zilizokwisha kulinganishwa na fremu kamili, isipokuwa namba zilizo ndani ya majina ya lenzi zenyewe.

Sasa mpangilio.

1. Kamera isiyo na kioo (mirrorless), kihisi cha APS-C, lenzi mbili

Hii ndiyo ningemwambia ndugu yangu anunue. Kihisi cha APS-C kina eneo la karibu milimita za mraba 370. Ni kidogo kuliko nusu ya fremu kamili, lakini ni mara tatu ya kihisi cha inchi moja. Udogo huo una faida kwa mpiga picha za wanyama, kwani lenzi huvuta mara 1.5 zaidi, na kwa Canon mara 1.6. Lenzi iliyoandikwa 100-400 inageuka kuwa 160-640 bila wewe kubeba mzigo wa lenzi ya 640.

Chukua mfano wa Canon R10 ya mwaka 2022 na lenzi ya RF 100-400. Bodi yake (kamera bila lenzi), pamoja na betri na kadi, ni gramu 429, lenzi gramu 635. Unashika kitu cha kilo moja na ushei kinachomfikia ndege aliye juu ya mti, na mfumo wake wa fokasi hutafuta jicho la mnyama na kuling'ang'ania hata akitembea. Jambo hili la jicho nalipa uzito mkubwa. Wanaoanza hupoteza picha nyingi za wanyama kwa sababu fokasi imekamata jani la mbele au mgongo wa mnyama, na jicho likiwa na ukungu picha imekufa hata mengine yote yakiwa safi.

Udhaifu wa lenzi hiyo ni mwanga. Ukivuta hadi mwisho, tundu lake la mwanga ni f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na jua likizama utalazimika kupandisha ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) hadi chembechembe zionekane. Sony 70-350 hufikia 525 kwa f/6.3, na Fujifilm 70-300 hufikia 450 kwa f/5.6. Zote mbili hupokea mwanga zaidi na zote ni nyepesi. Nikon Z50 yenye lenzi zake ndogo za 16-50 na 50-250 ni nyepesi kuliko zote hizo, ila mwisho wake ni 375. Kwa wanyama wakubwa inatosha, kwa ndege itakusikitisha.

Lenzi ya pili ndiyo wengi huifanyia uzembe. Angalia inaanzia wapi. Lenzi ndogo ya Canon ya 18-45 huanzia 29, na ya Nikon ya 16-50 huanzia 24. Kwenye karatasi tofauti hiyo haionekani, lakini ndani ya ua wa ngome, au chini ya kuba unapotaka kuonyesha nguzo pamoja na dari, hizo milimita tano ndizo zinazoamua kama utapata jengo au kipande cha jengo. Sehemu nyingi za kale hukataza flashi na stendi ya miguu mitatu, hivyo utakuwa unapiga kwa mkono kwenye giza. Tafuta lenzi au bodi yenye kidhibiti mtikisiko. Jengo halisogei, kwa hiyo unaweza kushusha shata (kasi ya kufunguka na kufunga kwa kila picha) hadi 1/10 ya sekunde na ISO ikabaki chini. Kwa watu wanaotembea ujanja huo haufanyi kazi, hapo unahitaji tundu pana. Lenzi ndogo ya kudumu (isiyovuta) ya f/1.8, ukiweza kuiongeza baadaye, hupokea mwanga wa karibu mara kumi kuliko lenzi ya f/5.6.

Mtaani kamera hizi hupiga kimya kabisa kwa shata ya kielektroniki. Itumie kwa watu waliotulia. Kitu kinachokwenda kasi hupindishwa nayo, kwa kuwa kihisi husomwa mstari baada ya mstari.

Ukiona hata kilo moja na nusu ni nyingi kwako, ndugu yake mwenye kihisi kidogo zaidi, Micro Four Thirds, anastahili kutazamwa. Hapo lenzi huvuta mara 2: Olympus 75-300 ya gramu 423 hufikia 600. Bodi ya OM-5 ya 2022 ina kiwango cha IP53 cha kuzuia vumbi na manyunyu, ingawa kinga hiyo haina maana ukiifunga lenzi isiyozibwa, na hiyo 75-300 haijazibwa. Gizani kihisi chake huchoka mapema kuliko cha APS-C.

2. Kamera ya lenzi moja isiyotoka, kihisi cha inchi moja

Kuna safari ambazo ningeiweka hii namba moja, hasa za barabara za vumbi. Kubadilisha lenzi ndani ya gari wazi ni kukaribisha vumbi kwenye kihisi, na kila punje itakaa angani kama doa katika kila picha utakayopiga baadaye. Hapa hakuna kubadilisha. Sony RX10 IV ya 2017 huanzia 24 na kuishia 600, tundu lake ni f/2.4 hadi f/4, na hupiga picha 24 kwa sekunde. Jengo zima na kichwa cha tai vinatoka kwenye lenzi ileile bila kufungua chochote. Uzito wake ni gramu 1,095, yaani si ndogo, na anayedhani ananunua kamera ya mfukoni atashangaa. Panasonic FZ1000 ni nafuu zaidi na huishia 400.

Unachokipoteza ni picha za alfajiri na za ndani ya majengo, na njia ya kukua: huwezi kuiongezea lenzi milele. Kwa mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka na asiyetaka kuisoma kamera, hilo halina uzito.

3. DSLR (kamera yenye kioo ndani) ya mtumba

Soko limehamia kwenye kamera zisizo na kioo, na DSLR nzuri zinauzwa kwa sehemu ndogo ya bei zilizotoka nazo dukani. Mwenye mfuko mwembamba apite hapa kwa moyo mweupe. Nikon D7200 ya 2015 bado inatoa picha ambazo hakuna atakayeuliza umri wa kamera, na betri yake imekadiriwa kupiga picha 1,110 kwa chaji moja. Penye umeme wa shida hilo ni jambo kubwa, kwa maana kamera nyingi zisizo na kioo huishia mia chache.

Inunue kwa macho. Omba idadi ya mapigo ya shata. Ile ya D7200 ilijaribiwa kwa mapigo 150,000, kwa hiyo yenye 30,000 ni kijana na yenye 140,000 ishushwe bei. Mulika tochi ndani ya lenzi, na ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uhesabu madoa. Kisha hakikisha bodi na lenzi vinaelewana. Lenzi za Nikon za AF-P, kwa mfano, hazifokasi kabisa kwenye bodi za zamani kama D90 na D7000, na muuzaji anaweza asikwambie. Mimi niliuziwa lenzi ya namna hiyo na duka nililoliamini. Nikaligundua kosa nikiwa njiani tayari, na safari nzima lenzi hiyo ikabaki bila kazi. Ifunge kwenye bodi, fokasi kitu cha karibu na cha mbali palepale, ndipo utoe fedha.

Kelele ya kioo chake husikika. Ndani ya nyumba ya ibada au mbele ya mzee aliyesinzia mlangoni utatamani isingekuwepo.

4. Simu nzuri, au kamera ndogo ya mfukoni

Kwa maisha ya kila siku simu inashinda karibu zote hapo juu. Iko mkononi tayari, haimtishi mtu, na usiku huunganisha picha kadhaa kuwa moja kwa ustadi ambao kamera kubwa nyingi hazina. Kwa majengo pia inatosha. Ikifika kwa wanyama inaanguka, kwa ile hesabu ya mita 15. Ukipita mvuto wa lenzi yenyewe, simu hukata picha na kuipanua, na manyoya yanageuka kuwa rangi ya kupakwa. Lenzi za kubana juu ya simu sizipendekezi hata kidogo, kingo zake huvurugika.

Anayependa mitaa kuliko mbuga aitazame Ricoh GR III: gramu 257, kihisi cha APS-C, lenzi moja ya 28 isiyovuta. Mnyama uisahau.

5. Fremu kamili na lenzi ndefu

Ubora wake haubishaniwi. Mwanga ukiisha hii ndiyo inaendelea kufanya kazi. Lakini Sony 200-600 peke yake ni gramu 2,115 kabla hujaweka bodi, lenzi ya majengo na chaja, na ndege ndogo nyingi hupima mizigo ya mkononi kwa ukali. Nimewaona wasafiri wakiiacha chumbani kuanzia siku ya tatu. Kamera iliyobaki chumbani haipigi chochote. Kama wanyama ndiyo safari yenyewe na gari linakubebea, ipandishe hadi namba mbili.

Nje ya orodha nimeacha kamera za mvuto wa kupindukia, kama Nikon P1000 inayofikia 3000. Kihisi chake ni milimita za mraba 28 tu, na kwa umbali huo hewa yenye joto hutetemeka kati yako na mnyama. Hakuna lenzi inayoweza kuondoa mtetemo huo. Mchana wa jua kali dawa ni kusogea karibu au kusubiri asubuhi.

Usimalize fedha zote kwenye kamera. Acha za betri mbili za akiba, ambazo kwenye ndege hupanda nawe ndani na si kwenye mizigo inayowekwa chini, na za kadi mbili za kumbukumbu zenye alama V30 (ya kasi ya kuandika) badala ya moja kubwa, ili ikipotea moja isiondoke na safari nzima. Nunua wiki tatu kabla ya kuondoka, uwapige njiwa wanaoruka kwa shata ya 1/2000 hadi kidole kijue kitufe cha fokasi kiko wapi bila macho kukitafuta.