Nasari ya miche Nakuru: wamenitengenezea bustani ya Kiingereza nyuma ya nyumba

Kama unataka ile bustani ya vijijini Uingereza, maua yamejazana mpaka huoni mchanga, hawa watu wa nasari ya kando ya barabara wanajua kazi kabisa. Fundi alianza kwa kuangalia jua linapiga wapi, ndio akachora njia, na hakuinyoosha, aliipinda akamwaga kokoto halafu pembeni akapanda lavenda inayoangukia njia, ukipita hivi suruali inabaki ikinukia. Huko nyuma maua ya holihoki na delfinia kwa sababu ni ndefu, katikati waridi, mbele taimu, ile ya kiungo cha chakula, na vitunguu majani, maana hizi bustani zilianza na watu wa kawaida waliochanganya mboga, dawa na maua pamoja, kina Gertrude Jekyll, mbunifu wa bustani wa Uingereza, wakazipa umaarufu baadaye.

Kilichonifurahisha zaidi ni ukweli wa huyo fundi. Nilitaka foksiglavu karibu na mlango wa jikoni, akaniuliza kama kuna watoto, akasema huo mmea wote ni sumu, akaupeleka kule mwisho wa ua.

Mchanga wetu wa volkano unapitisha maji haraka so lavenda inashika vizuri sana, lakini waridi zinataka samadi iliyooza na maji ya kutosha kiangazi.

Bei iko juu kidogo, na miche mingine ilikuja mizizi imejizungusha ndani ya karatasi, hapo warekebishe. Mkienda chagueni waridi zilizokaa juani, msichukue za kivulini.