Duka la mafuta ya kupima, Majengo: mawese na alizeti kwenye rafu moja

Duka ninalolizungumzia liko jirani na Soko la Majengo, jijini Dodoma, na biashara yake ni mafuta ya kula tu, yakiwa ya chupa, ya dumu na ya kupima. Mawese yatokanayo na malighafi ya Malaysia na Indonesia yamepangwa pamoja na alizeti iliyokamuliwa Kongwa na Singida, kiasi kwamba mnunuzi hulinganisha rangi na bei bila kuzunguka soko zima.

Alizeti yake ina harufu nzuri na inafaa sana kwa mboga, ingawa ile isiyochujwa vizuri huacha machicha chini ya dumu na kutoa povu kikaangoni. Mawese huvumilia moto wa maandazi na kwa kawaida huwa nafuu, lakini asubuhi za baridi za Juni na Julai huganda, na muuzaji hulazimika kuanika dumu juani kabla ya kupima. Kasoro kubwa ni kwamba mafuta ya kupima hayana lebo, hivyo mnunuzi hawezi kujua nani aliyasafisha wala kama yameongezwa vitamini A.

Wateja wenye umri mkubwa wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na mafuta kabla ya mwaka 1984, Serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Rafu hii ni tunda la uamuzi huo, na sioni sababu ya kuubeza. Hata hivyo, mwaka 2018 ushuru wa mafuta ghafi ya kula (yasiyosafishwa) kutoka nje ulipandishwa hadi asilimia 25 na wa yaliyosafishwa hadi asilimia 35, ili kumlinda mkulima wa alizeti. Uingereza imekwenda upande mwingine: mkataba wa biashara wa nchi za Pasifiki, ulioanza kutumika kwake Desemba 2024, unaiondolea Malaysia ushuru wa mawese. Mnunuzi wa kule huenda asihisi chochote, kwa sababu mawese yake yamefichwa ndani ya biskuti na sabuni, ilhali mama lishe wa Majengo anayenunua kipimo kimoja kila asubuhi huona kila shilingi ya ushuru ikitoka mfukoni mwake.

Kwa hiyo naamini soko huria humnufaisha zaidi mnunuzi maskini, ila kwa sharti moja zito: katika mikoa hii mnunuzi huyo mara nyingi ana shamba la alizeti, na mawese yakishuka bei, gunia lake nalo hushuka. (Wanaoutetea ushuru kana kwamba mkulima hanunui mafuta nao wanamsahau kwa miezi yote isiyo ya mavuno.) Tena, Indonesia ilipozuia kuuza mawese nje kati ya Aprili na Mei 2022, wakati vita vya Ukraine vimekwisha kupandisha bei ya alizeti duniani, ilidhihirika kwamba anayetegemea rafu ya wageni peke yake hana kinga. Ningependelea ushuru wa mafuta ghafi upunguzwe kidogo kidogo, na wakamuaji wadogo wasaidiwe kupata mitambo ya kuchujia.

Kwa matumizi ya nyumbani, nunueni hapa alizeti ya chupa inayoonyesha tarehe, na mawese ya kupima myachukue ikiwa tu mnakaanga vitu vingi.