Pua Iliyoziba: Nyungu au Maji ya Chumvi?

Nyungu tunaijua: majani ya mkaratusi na mchaichai yanatokota, unajifunika blanketi, jasho linatiririka, pua inafunguka. Nafuu hiyo haikai. Utafiti wa Uingereza uliotolewa 2016, wenye wagonjwa 871 wa sainasi sugu, ulionyesha mvuke ulipunguza maumivu ya kichwa tu. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi kulisaidia zaidi, ingawa kwa kiasi. (Ulikuwa mvuke mtupu, bila majani.)

Mimi nachagua chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, kamwe si ya bomba moja kwa moja. Na mtoto, tafadhali, msimfunike na sufuria ya moto. Ikipinduka, anaungua.