Albamu ya kwanza ya Harry Styles peke yake: nilivyoisikiliza kwa fleshi na sabufa hapa Mbeya

Nianze na kero. Ukiwekewa nyimbo kwenye fleshi pale kibandani bila namba mbele ya majina, redio nyingi za gari na sabufa huzipanga kwa alfabeti. Inaanza "Carolina", inafuata "Ever Since New York", halafu "From the Dining Table", ambao ndio wimbo wa kufungia albamu: gitaa na sauti ya chini, kama mtu anayejisemea. Hujakaa sawa, "Kiwi" inakurukia na magitaa na makelele. "Meet Me in the Hallway", mlango wa albamu yote, unaukuta wa tano. Fleshi yangu ilikuja hivyohivyo.

Dawa yake: fomati fleshi iwe FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili kwenye fleshi), andika 01 hadi 10 mwanzoni mwa majina, kisha nakili wimbo mmoja mmoja kwa mfuatano. Kuna redio hazijali majina, zinafuata wimbo upi ulitangulia kuingia.

Nyimbo ni 10, dakika 40 hivi. Ukiiwasha kwenye gari ukitoka Uyole, inaisha hata Chimala hujafika. MP3 ya kbps 320 (kadiri namba hii inavyokuwa kubwa ndivyo sauti inavyokuwa safi) inakula kama MB 96, ya 128 kama MB 38. Usibanie hizo MB. Mwishoni mwa "Sign of the Times" ngoma, kwaya na magitaa vinapanda pamoja, na kwa 128 matoazi yanasikika kama mchanga unaomwagwa.

Ilitoka Mei 12, 2017, kundi lake la One Direction likiwa mapumzikoni. Anayetaka kupokezana mistari kama kundini asihangaike. Hii ni roki yenye harufu ya miaka ya 1970, prodyuza mkuu akiwa Jeff Bhasker. Mimi naipenda zaidi kwa hilo.

Kwenye sabufa shusha besi hadi robo, la sivyo piano inamezwa. "Only Angel" inaanza polepole. Usiongeze sauti, gitaa likiingia utaamsha wapangaji wote. Kwenye "Woman" utasikia kitu kama bata analia. Spika haijapasuka, ndivyo ulivyorekodiwa.

Na "From the Dining Table" usiupige sebuleni msimu wa mvua. Bati likianza kupigwa husikii neno; vaa hedifoni.